Kifo Nje ya Mkataba

Bandarini walimwita Refa, na jina hilo hakulipenda hata siku moja. Alilipata akiwa karani wa shehena, msichana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, aliyesimama katikati ya makuli na madereva wa malori waliokuwa wakigombania zamu, akawaambia nani apakie kwanza na nani angoje. Wakamtii, wenyewe wasijue kwa nini. Jina likamganda. Baadaye akawa mkaguzi wa shehena, akapanda na kushuka ngazi za meli miaka mingi, akiangalia kama mchele umelowa, kama saruji imeganda, kama vyuma vilipindia njiani au vilipakiwa vikiwa vimeshapinda. Magoti yalipoanza kumgomea, alirudi darasani na mvi zake, akaketi na vijana wa umri wa mwanawe, akasomea usuluhishi wa migogoro ya kibiashara. Alipohitimu, wale wale waliomjua kwenye gati wakaanza kumwita awaamulie kesi zao za meli.

"Refa ana uwanja mzima," alikuwa akimwambia mumewe. "Mchezaji akimpiga mwenzake ngumi kule kwenye kona, refa anamtoa nje. Mimi uwanja sina. Nina kile walichoniwekea mezani, basi."

Mumewe alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kwa hiyo mgeni wa Refa, hata awe wakili wa suti, alipita kwanza kati ya vichwa vya cherehani vilivyofunguliwa matumbo na harufu ya mafuta ya mashine.

"Basi wewe ni Refa wa Mezani," mzee alijibu bila kuinua uso. Ndivyo walivyoishi, yeye na utani wake, mkewe na ukimya wake. Walikuwa na mtoto mmoja, mhandisi wa injini kwenye meli za mbali, ambaye sauti yake iliingia nyumbani humo kwa simu siku za Jumapili, ikikatika na kurudi.

Kesi ambayo watu bado wanamkumbuka nayo ilikuwa ya meli ya magogo.

Kampuni mbili zinapoandikiana mkataba wa kukodi meli huweka mapema kifungu kinachosema kwamba, wakigombana, hawatakimbilia mahakamani. Watamteua mtu anayeijua kazi hiyo, aketi nao faraghani, awasikilize, aamue, na uamuzi wake utawafunga wote wawili. Mahakama haipendi kuingilia uamuzi wa namna hiyo, hata kama jaji mwenyewe angeamua vingine. Lakini msuluhishi akiamua jambo ambalo hakuulizwa, mahakama huufuta uamuzi wake. Nguvu zake zote zinatoka kwa hao wawili, na haziendi mbali kuliko walipozituma.

Katika kesi hii, wenye meli walidai kwamba chombo chao kilikaa bandarini muda mrefu kuliko mkataba ulivyoruhusu, hivyo waliokodi wabebe gharama za kuchelewa. Waliokodi wakakataa. Walisema kazi ya kupakua ilisimama kwa sababu baharia mmoja alikufa ndani ya ngama, lile tumbo la meli linalobeba shehena, na alikufa kwa uzembe wa wenye meli wenyewe. Palikuwa pia na ubishi mdogo kuhusu muda ambao meli ilingoja nje kabla ya kupewa gati, na kuhusu magogo ya juu, yale ya sitahani, yaliyoharibika safarini.

Refa alipoombwa kuichukua kesi, jambo la kwanza alilofanya ni kuwaandikia wote wawili kwamba ana mtoto anayefanya kazi melini, kampuni nyingine, bahari nyingine. Kama kuna asiyeridhika, aseme sasa. Wote wakajibu kwamba hawana neno.

Walikutana katika ukumbi wa kupanga, ghorofani juu ya ofisi ya bima. Palikuwa na meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cha kijani, chupa za maji, na kiyoyozi kilichonguruma hadi mashahidi wakalazimika kurudia maneno. Wakili wa wenye meli alikuwa mzee wa sauti laini, mtu wa kunyoosha tai kabla ya kila sentensi. Wa upande wa pili alikuwa dada mmoja mwenye haraka, aliyekuwa tayari amesimama wakati mwenzake bado anamalizia kusema.

"Mheshimiwa," yule mzee alianza, "kabla hatujafika mbali naweka pingamizi. Wenzetu wanataka tujadili kifo. Kifo hakimo kwenye mkataba. Mkataba ni wa meli, magogo na muda. Huna mamlaka ya kuchunguza kifo cha mtu."

"Hatumwombi achunguze kifo," dada alidakia. "Tunamwomba ajue kazi ilisimama kwa kosa la nani. Atajuaje hilo bila kujua yule kijana alikufaje?"

Refa aliwaomba watoke kidogo. Akabaki peke yake na mkataba, akausoma kile kifungu neno kwa neno, kama mtu anayekagua kamba kabla ya kuitegemea. Kilisema "mgogoro wowote unaotokana na mkataba huu". Sheria ilimpa ruhusa ya kuamua kwanza yeye mwenyewe kuhusu mamlaka yake, kisha mtu asiyeridhika alalamike baadaye. Alipowaita tena, alizungumza taratibu.

"Nitasikiliza alikufaje, kwa sababu muda mnaougombania ulianzia hapo. Sitasema nani ana hatia ya kifo. Hilo ni la serikali na mahakama zake. Wala sitaigusa haki ya familia yake, maana familia haikuweka sahihi hapa, na asiyeweka sahihi mimi siwezi kumpa wala kumnyima kitu. Nitakachosema ni kimoja tu, kwamba muda ule ni wa nani kuubeba. Tuendelee."

Mzee alinyoosha tai, akaandika. Dada akatabasamu. Refa hakutabasamu, kwa sababu alijua kwamba mpaka alioutamka ungemkata na yeye.

Siku iliyofuata alikuta mwanamke ameketi kwenye benchi la korido, nje ya mlango wa ukumbi. Alivaa aproni ya kijani ya watu wa dobi hospitalini, na mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji na sabuni. Pembeni yake aliketi mwanamume mpana wa mabega, kofia mapajani. Huyu Refa alimjua kwa orodha ya mashahidi. Alikuwa serahangi, msimamizi wa mabaharia kwenye ile meli, ingawa alishaacha kazi huko.

"Shikamoo, mama," mwanamke alisema, akasimama. "Mimi ni dada wa yule aliyekufa. Nimemlea mimi, wazazi wetu walitangulia. Wewe ndiye hakimu?"

"Marahaba. Pole sana, mwanangu. Mimi si hakimu. Walio ndani wana ugomvi wao, wamenichagua niwaamulie."

"Ugomvi wa mdogo wangu?"

"Ugomvi wa muda wa meli."

"Muda wa meli," yule dada alirudia polepole. "Na mdogo wangu je?"

Refa aligeuka kuutazama mlango wa ukumbi. Hakutakiwa hata kusimama pale, akiongea na mtu wakati wale wawili hawapo. "Nisubiri," alisema. "Nitawauliza kama unaweza kuingia ukasikiliza."

Ndani, waliokodi hawakuwa na tatizo. Wakili wa wenye meli alitikisa kichwa kwa upole wa mtu aliyezoea kukataa. "Shauri hili ni la faragha, Mheshimiwa. Pole zetu anazo. Lakini yeye si mmoja wetu."

Ilihitajika ruhusa ya wote wawili. Angeweza kumtuma mlinzi apeleke jibu, ila alitoka mwenyewe.

"Mmoja amekataa. Siwezi kukuingiza."

"Nani?"

"Hilo nalo siwezi kukwambia."

Yule dada alicheka kicheko kikavu. "Sasa mama, unachoweza ni kipi?" Kisha akaketi tena kwenye benchi, akakunja mikono, na kila siku ya kikao, kabla ya zamu yake ya hospitali, akawa anakuja kuketi pale. Mawakili wakipita walimwamkia chapuchapu huku wakitazama simu zao.

Serahangi aliitwa kutoa ushahidi. Aliapa, akashika kofia kwa mikono miwili kana kwamba ingeponyoka.

"Magogo yakifungiwa ngamani safari nzima, hula hewa, anayeshuka akakosa cha kuvuta," alisema. "Kila baharia anafundishwa hilo. Unafungua, unaacha ngama ipumue, unapima, ndiyo mtu anashuka. Kipimo tulikuwa nacho. Kilikaa kabatini, betri imekufa. Nilimwambia afisa mkuu, msaidizi wa nahodha, tungoje kidogo. Akasema gati linangoja, makuli wanangoja, kila mtu anangoja, kijana ashuke akafungue minyororo. Kijana akaniangalia mimi, maana mimi ndiye bosi wake wa karibu." Akaigeuza kofia mikononi. Kiyoyozi kiliendelea kunguruma. "Nikamwambia, nenda polepole. Hakufika hata katikati ya ngazi. Nilitaka kumfuata, wenzangu wakanikamata mkanda. Wasingenikamata, ningelala pale pale alipolala."

"Wewe si daktari," wakili wa wenye meli alisema kwa sauti yake ile laini.

"Hapana."

"Hujui nini hasa kilichomuua."

"Sijui. Najua alishuka akiwa mzima."

Refa alikuwa akiandika maneno hayo yote kwa mkono wake. Alipofika kwenye lile la mkanda, kalamu ilisimama, na ilimbidi amwombe shahidi arudie, si kwa sababu hakusikia. Yeye mwenyewe alishashuka ngama nyingi za magogo enzi za ukaguzi, na alikumbuka ile baridi nzito inayokupokea ngazini.

Ikatangazwa kwamba kikao kijacho atasikilizwa afisa mkuu wa meli.

Jumapili mwanawe alipiga simu. Alitaka kusimulia habari za injini mpya na mpishi wao mbaya, lakini mama alimkatiza.

"Huko mnapima hewa kabla ya mtu kushuka ngamani?"

"Mama, mimi niko injini. Ngamani kuna wenyewe."

"Nimekuuliza, mnapima?"

"Tunapima, mama. Kwani vipi?"

"Hakuna. Nilitaka kujua tu." Simu ikakatika yenyewe, kama kawaida yake, naye akabaki ameishika.

Afisa mkuu hakutokea. Asubuhi ya kikao, mawakili wawili waliingia pamoja, wakaketi karibu karibu upande mmoja wa meza, na Refa akajua kabla hawajafungua kinywa.

"Mheshimiwa, tuna habari njema," alisema mzee. "Wateja wetu wamekubaliana kuhusu muda wote wa baada ya kile kifo. Suala hilo tunaliondoa mezani. Umebakiwa na muda wa kungoja gati, na yale magogo ya juu. Kazi yako imepungua."

"Nimeshasikia shahidi," Refa alisema.

"Umesikia. Lakini hatukuulizi tena."

Alimgeukia yule dada wakili, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka. Alikuwa akiangalia chupa ya maji. "Ndiyo maelekezo ya mteja wangu, Mheshimiwa," alisema kwa sauti ndogo. "Wamepewa nafuu waliyoitaka. Mimi ningependa tumsikilize afisa mkuu, lakini kesi si yangu."

"Wateja wenu wote wawili wameweka sahihi?"

Wakamwonyesha. Zilikuwepo.

Refa alijaribu mlango mmoja uliobaki. "Basi naomba ruhusa yenu nyote, ushahidi wa serahangi upelekwe kwa wachunguzi wa ajali za meli. Sitaongeza neno langu hata moja."

Dada wakili alitoka kupiga simu, akarudi, akasema wateja wake hawana pingamizi. Mzee hakuhitaji kupiga simu. "Yaliyosemwa humu ni ya humu," alisema. "Ndivyo tulivyokubaliana siku ya kwanza, na wewe ukiwepo."

"Nilikuwepo," Refa alikiri. Akaahirisha kikao hadi kesho yake.

Nyumbani alikuta mumewe anarudisha mkanda kwenye cherehani ya mguu. Alivua viatu, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akaegemeza kichwa ukutani. Habari za kesi hakuwahi kumpa kwa undani, na siku hiyo pia alimpa mifupa tu. Mtu amekufa, nimesikia alivyokufa, wameniambia nisiamue.

"Wewe andika tu!" mzee aliwaka. "Weka sentensi moja mwishoni. Nani atakufanya nini? Wakufukuze? Njoo tuuze sindano hapa."

"Nikiandika, wataenda mahakamani, na mahakama itaufuta uamuzi wangu."

"Ifute. Sentensi itakuwa imeshasomwa."

"Itakuwa imesomwa kama maneno ya mtu asiyekuwa na haki ya kuyasema. Halafu siku familia itakapokwenda kwa mwenye haki ya kuyasema, wale watainua karatasi yangu na kusema, tazameni, jambo hili lilishachafuliwa na mtu aliyepitiliza mipaka yake. Nitakuwa nimewapa fimbo."

"Basi jitoe."

"Wataleta mwingine, ataanza upya na magogo ya juu. Serahangi hataitwa hata kidogo."

Mzee aliacha kukaza, akafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Utani ulikuwa umemwisha. "Angekuwa wetu," alisema, "ungesema haya yote?"

Mkewe alivisogeza viatu vyake chini ya kigoda. "Angekuwa wetu," alisema, "ningekuwa kwenye benchi. Yule wa ndani asingekuwa mimi."

Akaingia jikoni, akasahau alichofuata, akatoka tena.

Kesho yake walimaliza yaliyobaki mapema. Magogo ya juu hayakuwa na ubishi mkubwa. Refa alipofunga faili, hakusimama.

"Kuna mtu kwenye benchi nje," alisema. "Amekuwa akija tangu siku ya pili. Nataka kumjibu, na nataka nimjibu mbele yenu nyote, asije mtu akasema nilimnong'oneza."

"Utamwambia nini?" aliuliza wakili mzee.

"Kisicho siri."

Wakatoka wote watatu kwenye korido. Dada wa marehemu alisimama, na serahangi naye akasimama kando yake. Refa alizungumza kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma maamuzi, kwa sababu hakuamini kwamba sauti nyingine ingefika mwisho.

"Mwanangu, kifo cha mdogo wako hakitaamuliwa humu. Usikae tena kwenye benchi hili ukitumaini kitaamuliwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mamlaka yangu nimepewa na hawa, na hayafiki huko. Lakini kufungwa kwangu hakukufungi wewe. Wewe hukuweka sahihi popote. Lolote nitakaloandika halikuzuii kudai haki yako. Kuna ofisi ya wachunguzi wa ajali za meli, nyuma ya forodha, ghorofa ya chini. Na kuna mahakama. Na mtu aliyeona jambo kwa macho yake akiwa kazini, macho ni yake. Mkataba wa kukodi meli haumkatazi kusema alichokiona, akiulizwa na mwenye haki ya kuuliza."

Wakili mzee alikohoa. "Mheshimiwa, sasa unagusa mpaka."

"Naujua ulipo, wakili. Bado niko upande huu."

Serahangi aliivaa kofia yake, akaivua tena. Dada wa marehemu hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa akimtazama Refa kwa macho makavu.

"Kwa hiyo muda wote huu nilikuwa nakaa hapa bure."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa unapita hapa kila asubuhi."

"Ndiyo, mwanangu. Nilikuwa napita."

Hakuna aliyetarajia kwamba angepiga kelele, na hakupiga. Alifungua aproni, akaikunja vizuri kama shuka la hospitali, akaitia kwapani, akashuka ngazi. Serahangi alisimama kidogo, akaangalia mlango wa ukumbi, kisha akamfuata kwa hatua za haraka, na sauti yake ikasikika ikimwita kutoka chini, "Dada, ningoje. Ningoje twende wote."

Refa alirudi kuandika uamuzi. Kuhusu muda wa kungoja gati, mkataba ulikuwa wazi, na haki ilikuwa ya wenye meli. Aliwapa. Mtu mwingine angetafuta kijisababu cha kuwanyima, na hata yeye alikitafuta, jioni moja nzima, akizungusha vifungu huku na huku, hadi akajionea haya na kuacha. Kuhusu magogo, waliokodi walishinda. Kifo hakukitaja. Uamuzi ulikuwa mfupi, na haukupingwa na mtu.

Wakili mzee aliandika barua ya kulalamikia maneno ya korido, akiomba jina la Refa liondolewe kwenye orodha ya wasuluhishi. Waliosimamia orodha walimwita ajieleze. Alieleza alichosema, kwa maneno yale yale, na dada wakili, bila kuombwa na yeyote, akaandika kuthibitisha kwamba hapakusemwa zaidi. Jina likabaki. Lakini wenye meli ni watu wanaozungumza wao kwa wao, na kwa muda mrefu simu ya Refa ilikaa kimya, akawa anamsaidia mumewe kupanga sindano kwa ukubwa wake. Mzee akasema amepata msaidizi aliyesoma sana, na kwamba mshahara wake ni chai.

Wachunguzi walichukua zaidi ya mwaka. Serahangi alikwenda kwao, akasema yote, na baada yake wakajitokeza wawili waliomshika mkanda. Kesi ilipofika mahakamani, ya hadharani, ya mtu yeyote kuingia, Refa alikwenda akaketi safu ya nyuma, kama mtu aliyekwepa mvua.

Siku hiyo alikuwa kizimbani afisa mkuu, aliyezeeka usoni kuliko umri wake. Hakimu, mwanamke kijana kuliko Refa kwa mbali, aliinama mbele.

"Kipimo cha hewa kilitumika?"

"Hakikutumika."

"Ulijua kwamba hakifanyi kazi?"

Yule mtu alitazama chini. "Nilijua."

"Ukamwamuru ashuke?"

"Nilimwamuru."

Hakimu aliandika. Ukumbi mzima ulisikiliza ile kalamu. Swali lilikuwa lile lile ambalo Refa angemuuliza, karibu kwa maneno yale yale, na jibu lilitoka mbele ya dada wa marehemu, aliyeketi safu ya kwanza, mgongo wima, mikono yake ya dobi imelala mapajani. Safari hii hapakuwa na mlango wa kumzuia. Baadaye afisa mkuu alihukumiwa, wenye meli wakaamriwa kuifidia familia, na kanuni ya kukagua vipimo kabla ya meli kufungua ngama ikaanza kusimamiwa kwa ukali pale bandarini. Kijana hakurudi.

Refa na dada wa marehemu walikutana kwenye ngazi za mahakama siku ile ya ushahidi, bila kupanga. Refa alitaka kupita upande, lakini yule dada alisimama mbele yake. Hakumwamkia.

"Serahangi aliyasema haya mbele yako," alisema. "Tangu kule."

"Aliyasema."

"Ukayasikia yote. Betri, ngazi, yote."

"Niliyasikia."

"Ukatoka, ukaniambia nenda nyuma ya forodha."

"Ndiyo."

Yule dada alimtazama sana, kama anayetafuta mahali pa kumpiga au pa kumshika, asione. Mwanga wa mchana ulikuwa mkali, na wote wawili walikuwa wamekunja macho.

"Mimi nisingeweza," alisema.

Refa hakujua kama amesifiwa au ametukanwa, na hakuuliza. Aliitikia kwa kichwa. Yule dada akashuka kwenda kwa ndugu zake waliokuwa wakimngoja chini, mmoja akampa maji, mwingine akamshika bega. Refa alisubiri hadi wote walipoondoka, ndipo akashuka taratibu, akishika ukingo wa ngazi, kwa sababu ya magoti.